Mama anasuka mikeka, mie nauza, ila pesa siioni. Nisaidieni

Binti_Mkeka: Habari za jioni wakuu. Mama yuko Rufiji, anasuka ukili, ule mkanda wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka, tangu utoto wake. Mwaka jana nilipiga picha mkeka alionizawadia nikaweka status, wiki hiyo hiyo nikapata oda 4. Sasa ni kazi ya nyumba nzima: mama na mama mdogo wanasuka, mume wangu anapokea mzigo stendi, mdogo wangu anatia vikapu bitana na zipu. Wateja wapo. Ila nauza mkeka 60,000 na pesa inayeyuka tu. Mama nikimuuliza bei anasema, "Mwanangu, nipe chochote." Juzi imekuja oda ya mikeka 10, mama mdogo kanuna, eti vidole vinamuuma na hajui analipwa nini. Nisajili kampuni? Nikope?

Mkongwe: Kampuni ya nini saa hizi? Anza na jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na TIN, namba ya mlipakodi. Mkopo wa halmashauri ni wa vikundi, huo uache kwanza. Cha kutatua hapo ni malipo ya mama mdogo, si benki.

Mpemba_halisi: Mie msukaji. "Nipe chochote" si bei, mwanangu, hiyo ni adabu. Mzazi hawezi kukutajia. Lipa ukili kwa pima, ule urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa: ukifika unaupima, unalipa hapo hapo, mkeka uuzwe usiuzwe. Kushona kwa shazia, sindano ya mikeka, ni kazi nyengine, ina ujira wake. Kuchemsha rangi vilevile. Na rangi itiwe chumvi, ukindu uanikwe kivulini. Mkeka ukichujia kanzu ya mtu, anayetukanwa ni mama yako, si wewe.

Kalamu_Nyekundu: Leta hesabu ya mkeka mmoja. Bila hiyo tunapiga soga.

Binti_Mkeka: Nimekaa nayo usiku. Mkeka mmoja unakula pima 20. Nikisema pima 1,500, ni 30,000. Ukindu na rangi 12,000. Kushona 8,000. Mzigo kwa basi 5,000, bodaboda hadi kwa mteja 6,000. Jumla 61,000 😭 Kumbe nilichokuwa naita faida ni jasho la mama.

Kalamu_Nyekundu: Na bado hujajilipa wewe wala shemeji. Uza 85,000, bodaboda alipe mteja. Wa mikeka 10 ameshatoa pesa?

Binti_Mkeka: Nusu.

Kalamu_Nyekundu: Basi huyo mpe kwa bei mliyokubaliana, hasara ubebe wewe. Wasukaji walipwe kamili.

Mkongwe: Na shemeji apewe daftari. Kupokea mzigo stendi bila kuandika ndiko pesa zinakopotelea, nasema kwa uzoefu wa ndoa yangu 😂

Binti_Mkeka: Mrejesho. Nimempigia mama, nikamwambia kuanzia sasa pima ni 1,500. Kanyamaza, nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Ya mdogo wangu iwe 1,700. Ukili wake mwembamba kuliko wangu."