AMENIWEKEA KIKOMBE CHA CHAI JUU YA PEISLIPI YANGU!!! (Malindi hii hii)

Wanaukumbi leo nimejaa mpaka hapa kooni. Sitaji jina, yule bwana wa mishahara wa hoteli ile ya njia ya ufuoni mwamjua wenyewe, kalamu nne mfukoni na hakuna hata moja iandikayo. Nimeingia ofisini kwake taratibu, shikamoo na kila kitu, nikamwambia bosi hebu nitazamie hii peislipi, mshahara wangu 40,000 mbona hausing levi, ile ya nyumba, umenikata 1,200? Asilimia 1.5 ya 40,000 ni 600, hiyo 600 nyingine ni ya mwajiri atoe mfukoni mwake, sheria ndiyo yasema. Hata hakuniangalia. Akachukua kikombe chake cha chai ya maziwa AKAKITUA JUU YA PEISLIPI. Halafu mbele ya wasichana wa mapokezi ati "wewe kazi yako ni kubeba mabegi ya Wataliano, hesabu tuachie sisi."

Na PAYE nayo, ule ushuru wa mshahara, kaipiga kwa 40,000 nzima, nzima wallahi! Tangu mwisho wa Disemba 2024 NSSF ya uzeeni, SHA ya matibabu na levi zote zatoka kwanza ndio ushuru uhesabiwe. NSSF 2,400, SHA 1,100, levi 600, yabaki 35,900, ukipiga ushuru ukatoa na ile rilifu (punguzo la ushuru) ya 2,400 wapata kama 3,153. Yeye kanikata 4,383. Hiyo ndiyo hesabu ya mbeba mabegi sasa. Lakini kikombe jamani. Duara la chai limekaa sawasawa juu ya neti, ile pesa ibakiyo mkononi, 30,917, ile 1 imekuwa kama 7, laiti benki nayo ingeisoma hivyo.

Kijana_wa_KisumuNdogo: 😂😂 namjua huyo, si ndiye adaiye chenji ya bob ishirini kwenye tuktuk mpaka abiria wote washuke? Swali, kikombe kilikuwa chake au cha hoteli?

Mbeba_Mabegi: Wewe wacheka. JUU YA PEISLIPI bana. Na chai ya moto.

Shela_Upepo: Nyie wa Malindi mna peislipi mwajigamba. Huku Lamu wengine twakatwa kwa mdomo tu, ukienda kuangalia NSSF yako hamna hata senti imeingia. Angalia kwanza kama hizo pesa zafika kabla hujalia na kikombe.

Bi_Hesabu: Kaka umepiga sawa. PAYE yatakiwa ifike KRA, wale watoza ushuru, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, hapo hakuna cha kuzungusha. Mwisho wa mwaka dai P9 yako, ile karatasi ya ushuru wa mwaka mzima, ukijaza ritani ya ushuru kabla ya 30 Juni ile PAYE ya ziada itaonekana, uidai. Levi ya mwajiri ni maneno mengine, hiyo mwandikie barua meneja.

Mbeba_Mabegi: P9 yenyewe si ataifanya kisahani.

Mzee_wa_Sako: PAYE ni nini, njooni muone mkopo wa sako. Sheria yasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, mimi hiyo theluthi nibakiyo nayo ikifika tarehe tano ishakwisha, mama watoto adai sukari, mie nimejificha msalani na simu.

Kijana_wa_KisumuNdogo: Mzee ndio maana huonekani baraza 😂 na ile mia tano yangu?

Mzee_wa_Sako: Network mbaya

Watamu_Damu: Ngojeni kwanza. Nyinyi hapo hotelini mwapewa chai ya MAZIWA? Sisi huku ni sturungi na mahamri ya jana, na hiyo sukari wajibebea kwenu.

Shela_Upepo: Mahamri?? Sisi twatazama wageni wakila.

Watamu_Damu: Mbeba_Mabegi, hapo kwenu wanaajiri? Nitume barua kwa nani, kwa huyo huyo wa kikombe?

Mbeba_Mabegi: Nyinyi watu hamna haya.

Watamu_Damu: Nijibu inbox basi