Tupeane uzoefu: kujenga vya kupangisha Malindi, Kenya, na sheria ya kodi ya pango

Mwenye mada: Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina kiwanja Muyeye, nataka maduka mbele na vyumba vya kupanga nyuma. Naambiwa serikali hudhibiti kodi. Wenye nyumba, yamewakuta yapi?

Baba Salma, Barani: Vyumba visikutishe. Sura 296, sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi ya pango, inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Vyangu ni 5,500, simo. Lakini nyumba ya marehemu mama kule Shela, wapangaji wa tangu enzi walikuwa wakilipa 1,800, na kupandisha hadi tribunali, baraza linaloamua mambo ya kodi ya pango, ikubali. Pesa hiyo haikutosha hata makuti. Paa likavuja, mvua ya masika wanatandaza masufuria juu ya kitanda, na lawama kwetu. Kodi ikibanwa hivyo nani atakarabati?

Bi Rukia, mjini: Kazi iko kwenye maduka, yaani Sura 301, sheria ya wapangaji wa maduka. Mpangaji akiingia kwa mdomo tu, au kwa mkataba usiozidi miaka 5, analindwa. Kakangu alitaka kupandisha kutoka 12,000 hadi 18,000, akatuma ujumbe wa simu. Tribunali ikaukataa: ilani ni kwa fomu ya sheria, na isipungue miezi miwili. Mpangaji akipinga, unangoja uamuzi huku kodi ni ile ile. Na mkopo wa benki haungoji.

Muuza leso: Mimi ni mpangaji, niruhusuni. Nilitia grili, kabati, rangi, yote kwa pesa yangu. Desemba, wageni wamejaa mji, mwenye duka akaniambia nitoke mwisho wa mwezi, amepata wa kulipa zaidi. Sheria hiyo ndiyo iliyonibakisha. Bila hiyo ningetoka na leso zangu mkononi, kabati nikamwachia yeye.

Mwenye mada: Pole dadangu, hilo sikulifikiria. Sasa nifanyeje, nisijenge maduka?

Bi Rukia: Jenga. Andikiana mkataba unaozidi miaka 5, usio na kifungu cha kuuvunja kabla, hapo unatoka kwenye udhibiti. Nyongeza ya kodi iandikwe humo humo, mwaka gani na kiasi gani, naye mpangaji ajue kabla hajaleta fundi wa grili.

Baba Salma: Na vyumba weka hesabu ya ushuru. Tangu Januari 2024, kodi za nyumba za kuishi zikizidi 288,000 kwa mwaka, ushuru ni asilimia 7.5 ya zote zilizoingia. Gharama za ukarabati hazitolewi kwanza.