Tupeane uzoefu: kodi ya cheki injini iliyokuwa inarudi kila ikifutwa, mwisho wake ilikuwa nini?

Mleta mada

Wakuu, habari za majukumu. Taa ya cheki injini kuwaka mara moja si habari. Ninayotaka tuizungumze ni ile inayofutwa kwa mashine, inatulia siku chache, halafu inarudi na kodi ileile (namba ya kosa inayotolewa na kompyuta ya gari) kama haikuguswa. Tuambiane kodi ilikuwa ipi, tatizo lenyewe likawa nini, na hasa ulipima nini mpaka ukalijua. "Nilibadilisha sensa ikapona" haimsaidii mwenzako ambaye sensa yake ni nzima.

Naanza mimi. Kodi yangu ilikuwa P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Wengi wakiiona wanakimbilia kununua sensa ya oksijeni kwa sababu ndiyo iliyopeleka taarifa. Sensa hapo ni shahidi tu, na shahidi hafungwi. Nikachomeka kale ka-OBD ka Bluetooth ka kusomea kodi kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, nikafungua zile asilimia za marekebisho ya petroli, wenyewe wanaziita fyueli trimu. Iko ya muda mfupi inayorukaruka, na iko ya muda mrefu ambayo kompyuta inaihifadhi. Zikicheza ndani ya kumi juu au kumi chini, sina neno. Yangu ya muda mrefu ilikuwa inasoma 22 juu gari likiwa sailensi (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta), lakini nikipiga resi mpaka mizunguko 2,500 na kuishikilia hapo, ilikuwa inashuka taratibu mpaka karibu na 5.

Huko kushuka ndiko kulikonipa jibu. Gari langu linapima hewa kwa sensa ya MAF, kwa hiyo hewa yoyote inayoingia baada ya sensa hiyo haihesabiwi. Kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo, na tundu dogo tu linachangia sehemu kubwa ya hewa yote. Ukipiga resi, hewa halali inakuwa nyingi mpaka ile ya wizi haionekani tena. Ingekuwa pampu ya petroli imechoka au filta imeziba, ningeona kinyume chake: sailensi nzuri, shida inaanza gari likibeba mzigo. Basi nikaanza kupapasa mipira midogo inayoingia kwenye manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Mpira wa PCV, ule unaorudisha mvuke wa oili kwenye manifoldi, ulikuwa umelainika kwa oili na kupasuka kwenye kona, upande wa chini usioonekana. Nimeweka mpya na taa haijarudi.

Plagi Kavu

Mkuu umefungua vizuri. Yangu ilikuwa P0302, gari linamisi silinda ya pili, yaani haichomi vizuri. Hii ndiyo kodi rahisi kuliko zote kama koili zako ni za kukaa juu ya kila plagi. Hamisha koili ya silinda ya pili uipeleke ya nne, ya nne uilete ya pili, futa kodi, endesha. Ikija P0304, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, hamisha plagi. Ikibaki tena, nenda kwenye nozeli na kompresheni. Ya kwangu ilihama na koili. Hakuna kununua kitu kwa kubahatisha.

Dereva wa Usiku

@Plagi Kavu mimi nilifanya hivyohivyo na P0301 haikuhama hata kidogo. Koili nimehamisha, plagi nimehamisha, nozeli nimehamisha. Kilichoniokoa ni ile picha ambayo kompyuta inapiga kodi inapoingia. Ukifungua kwenye programu utakuta imehifadhi mizunguko ya injini, spidi, joto la kulanti, mzigo, kila kitu cha sekunde ile. Picha yangu ilikuwa inaonyesha kulanti bado ya baridi na gari halijatembea. Ikifutwa na kurudi, picha inakuwa ileile, asubuhi, injini haijapata moto. Mchana kutwa gari linakwenda safi.

Hapo nikaanza kuangalia tanki la akiba la kulanti, nikaona linapungua pole pole bila tone lolote chini ya gari. Fundi akatoa plagi zote asubuhi kabla ya kuwasha. Tatu zilikuwa na rangi ya kawaida, ya silinda ya kwanza imeoshwa ikawa nyeupe. Tukafunga geji ya presha kwenye rejeta, tukapampu, tukaacha usiku. Presha ilishuka, na ndani ya silinda ya kwanza kulikuwa na unyevu. Gasketi ya silinda hedi. Ukisoma kodi peke yake ungeendelea kununua koili mpaka uchoke, maana kodi inasema silinda haikuchoma vizuri, haisemi kwa nini.

Bibi Gereji

Salamu wadau. Mimi ni fundi, naona kuna jambo linawachanganya wengi kuhusu hii "imefutwa, imetulia, imerudi".

Makosa mengi hayawashi taa mara ya kwanza. Kompyuta ikiona tatizo safari moja, inaliandika kama kodi inayosubiri. Likijirudia safari inayofuata, ndipo inalithibitisha na kuwasha taa. Kwa hiyo ukifuta leo na taa ikakaa zima siku mbili, hujapona, uko tu kwenye foleni. Fungua sehemu ya kodi zinazosubiri, utaikuta imeshaanza kujiandika. Na kinyume chake pia kipo: tatizo likiondoka kweli, taa inajizima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo ambazo jaribio husika limefanyika na kufaulu. Kodi yenyewe inabaki kwenye kumbukumbu mpaka injini ipate moto na kupoa kama mara 40, ndiyo inafutika.

Kingine, mteja akija baada ya kuchomoa betri ananipa kazi mara mbili. Ile picha aliyoisema Dereva wa Usiku inapotea, na yale majaribio ya ndani ya kompyuta yanarudi sifuri. Nikisoma nakuta "haijakamilika, haijakamilika", sina pa kuanzia. Niletee gari taa ikiwa inawaka. Kwenye magari mengi ya kuanzia modeli za 2010 kuna hata kodi za kudumu ambazo mashine haizifuti, zinaondoka pale tu kompyuta inapojiridhisha yenyewe.

Na taa ikiwa inapepesa badala ya kuwaka tu, toa mguu kwenye mafuta. Injini inamisi kiasi kwamba petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya masega, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi. Hapo unapika masega wakati unatafuta koili.

Resi Mbili

Mimi nilitoa balbu ya taa hiyo. Tatizo limeisha 😂

Plagi Kavu

@Resi Mbili ikija kupepesa kama alivyosema Bibi Gereji utajuaje? Wewe subiri tu.

Masega Mapya

Jina langu linatosha kueleza. P0420, hiyo inayosema masega hayasafishi moshi ipasavyo. Kila kona unaambiwa mambo mawili: badilisha sensa ya nyuma, au badilisha masega. Fundi wa kwanza akabadilisha masega. Taa ikakaa zima muda mrefu wa kutosha mtu kusahau, kisha ikarudi, P0420.

Nikakaa na programu ya simu kuangalia grafu za sensa mbili. Ya mbele, kama ni ile ya kawaida na si ya A/F (inayopima uwiano wa hewa na petroli), inatakiwa iruke juu chini kati ya 0.1 na 0.9 volti. Ya nyuma, injini ikiwa na moto na gari linatembea kwa spidi moja, itulie kwenye 0.6 au 0.7, kwa sababu masega mazima yanameza yale mawimbi. Ya kwangu ya nyuma ilikuwa inacheza sambamba na ya mbele. Maana yake sensa zote zinafanya kazi na zinasema kweli, na masega, mapya yale, yamekufa.

Swali likawa yameuawa na nini. Jibu lilikuwa kwenye kijiti cha oili. Injini ilikuwa inakula oili na mimi naongezea bila kuwaza. Ndani ya oili kuna fosforasi na zinki, zikiungua zinakwenda kuyapaka masega mpaka moshi haugusi tena yale madini yanayosafisha. Tukashughulikia sili za valvu na ringi, ndipo nikaweka masega mengine. Masega hayafi yenyewe. Kama hujajua aliyeyaua, hayo mapya nayo atayala.

Spana Kumi

Naongezea kwa Masega Mapya: kabla ya yote hayo sikiliza ekzosi injini ikiwa ya baridi. Gasketi ya manifoldi ikivuja karibu na sensa, moshi unasukumwa kwa mapigo, na katikati ya pigo na pigo hewa ya nje inavutwa ndani. Sensa inaona oksijeni ambayo haikutoka kwenye injini. Nimeona gari lina P0420 na tatizo ni nati ya ekzosi iliyolegea. Ukisikia "tiki tiki tiki" asubuhi ambayo inapotea chuma kikitanuka, anzia hapo.

Tenki Tupu

P0455, mvuke wa petroli unavuja. Mfuniko wa tenki la mafuta. Mpira wake ulikuwa umekatika. Nimemaliza.

Bibi Gereji

@Tenki Tupu una bahati. Ndugu yake P0456 ndiye anayetesa, kwa sababu anatafuta tundu la karibu nusu milimita kwenye mfumo mzima wa mvuke wa petroli, na mfuniko unaweza kuwa mzima kabisa. Hii nayo inatulia muda mrefu ikifutwa, na watu wanadhani wamepona. Sababu ni kwamba magari mengi hayafanyi jaribio hilo mpaka injini iwe imelala ikapoa vizuri, na tenki lisiwe tupu wala kujaa pomoni. Mtu anayezoea kuendesha tenki likiwa karibu na chini kabisa anaweza kukaa mwezi bila jaribio kufanyika. Siku akijaza nusu, taa hiyo.

Dalili nyingine ya upande huo: ukitoka kujaza mafuta gari linakataa kuwaka mpaka ukanyage mafuta. Angalia valvu ya paji, huwa imekwama wazi inavuta mvuke moja kwa moja hadi kwenye manifoldi.

Waya Mwekundu

Yangu haikuwa moja, zilikuwa zinakuja kundi. Sensa ya throto, sensa ya presha ya manifoldi, sensa ya presha ya kiyoyozi, zote kwa mpigo, gari linakosa nguvu, kisha linajirekebisha. Niliambiwa kompyuta ya gari imekufa. Nikawaza, sensa tatu haziwezi kufa dakika moja, lazima kuna kitu zinachangia. Nikachora mchoro wa waya nikakuta zote zinalishwa kutoka waya mmoja wa volti 5. Mita ikawa inasoma chini ya volti moja shida ikitokea. Nikaanza kuchomoa soketi moja moja huku mita imeshikilia pale. Nilipochomoa ya presha ya kiyoyozi, volti 5 zikarudi papo hapo na gari likapata uhai. Sensa moja imepiga shoti ndani na inazivuta wenzake wote chini.

Kodi zikija kundi, usizitibu moja moja. Tafuta fyuzi, earthi au waya ambao zote zinachangia.

Spana Kumi

@Waya Mwekundu hii naihifadhi. Na panya nao wahesabiwe kwenye earthi na waya, wanapenda sana waya ulio juu ya injini yenye joto.

Hewa Safi

Naomba msaada humuhumu. Injini ni V6, silinda ziko pande mbili, ninazo P0171 na P0174 (kosa lilelile la upande wa pili) pamoja, zinarudi kila nikifuta. Nimesoma alichoandika mleta mada nikaenda kupima. Sailensi trimu ni 6 na 7. Nikikaa kwenye 2,500 zinafika 15, nikipanda mlima zinapita 20 pande zote mbili.

Mleta mada

@Hewa Safi yako ni kinyume na yangu, kwa hiyo achana na mipira midogo kwanza. Pande zote mbili zinalalamika kwa kiwango kimoja, maana yake tatizo liko kwenye kitu ambacho pande zote zinachangia, na linaongezeka mzigo ukiongezeka. Ama MAF ni chafu na inahesabu hewa pungufu, ama petroli haifiki ya kutosha. Angalia na ule mpira mkubwa wa hewa kati ya MAF na throto, mikunjo yake huwa inafunguka injini ikijivuta kwenye mzigo. Kisha ipulizie MAF dawa yake maalumu, si ya kabureta, na usiiguse kwa kidole.

Hewa Safi

Mpira mkubwa ni mzima, nimeukunja wote. MAF nimeisafisha, sailensi imeshuka hadi 4 lakini mlimani bado ni 19.

Bibi Gereji

Basi funga geji ya presha ya petroli kwenye reli inayolisha nozeli, ibane ionekane kwenye kioo, uende nayo huo mlima. Ukiiona sindano inashuka unapokanyaga, anza na filta kabla ya pampu.