Kitabu nilicholipia kimefutwa kwenye simu yangu, naombeni ushauri

Msomaji_wa_daladala: Wakuu habari za jioni, kuna duka la mtandaoni la nje nilinunua kitabu cha siasa, vile vyenye kelele nyingi, risiti ninayo kwenye imeili, sasa jana nafungua nimalizie naona jalada tu, kuwauliza wananijibu kimeondolewa kwa sababu ya malalamiko na hela wamerudisha. Hela siyo shida, shida humo nilikuwa nimepigia mistari na kuandika maoni kibao. Kuna tableti nilianzia kusomea, ipo kabatini imezima. Nifanyeje?

Kipanga255: Mkuu hiyo tableti usiiunganishe na mtandao!! Zima ruta kwanza ndo uiwashe, piga picha kurasa zote zenye maoni yako kwa simu nyingine. Ikishika WiFi tu kinafutika na humo.

mama_T: Pole kaka, ila hela si wamerudisha? Mi ningeshanyamaza 😂

Wakili_wa_kijiweni: Hukununua kitabu, ulinunua leseni, ipo kwenye yale masharti tunayobonyeza nakubali bila kusoma. California tangu Januari 2025 sheria inawabana wauzaji wamwambie mteja wazi kwamba ni leseni, ila wewe uko huku haikusaidii. Na mchezo huu wa zamani, Julai 2009 Amazon walifuta riwaya ya George Orwell iitwayo 1984 kwenye Kindle za watu, vile vifaa vyao vya kusomea vitabu, kitabu chenyewe kinahusu serikali inayofuta maandishi jamani, kisa aliyekiweka dukani hakuwa na hakimiliki Marekani. Hela walirudisha, lakini mwanafunzi mmoja alikuwa na maelezo yake ya kazi ya shule humo akawashtaki, wakamalizana kwa dola 150,000, na bosi wa Amazon, Bezos, akaomba radhi akasema ulikuwa ujinga.

Msomaji_wa_daladala: Sasa mimi kesi ya Marekani nitaiweza wapi?

Wakili_wa_kijiweni: Kesi achana nayo. Waandikie tena, usidai kitabu, dai maoni yako, hayo uliandika wewe, wakutumie kama faili. Microsoft walipofunga duka lao la vitabu 2019 walirudisha hela, na waliokuwa wameandika maoni wakaongezewa dola 25, kwa hiyo siyo ombi la ajabu.

Kipanga255: Na siku nyingine tafuta EPUB, yaani faili la kitabu, isiyo na kufuli, kuna wachapishaji wanauza hivyo, unaibakapu kwenye flashi yako, hapo hakuna wa kukugusa.

Msomaji_wa_daladala: Shukrani wakuu, ruta nimezima, watoto wananuna katuni zimekata. Tableti inaomba chaji, ngoja kwanza.