Nimtangazieje mjomba mbio za farasi, ikiwa wachambuzi wenyewe wanataja bei tu?

Fundi wa Kirumba:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, na mnivumilie maana maelezo ni marefu kidogo.

Mimi ni fundi wa redio na ving'amuzi hapa Kirumba, Mwanza. Naishi na mjomba wangu, kaka yake mama. Ujana wake wote alikuwa saisi Nairobi, kwenye mazizi ya karibu na uwanja wa Ngong. Kulisha farasi, kuwasugua, kuwatembeza alfajiri, na Jumapili kuwapeleka uwanjani. Alirudi Mwanza na mkono uliowahi kuvunjwa na teke, na mapenzi ya farasi ambayo mtaani kwetu hakuna anayeyaelewa. Hapa watu wanajua ng'ombe na punda. Miaka minne iliyopita presha ya macho ikammaliza. Sasa anachoona ni mwanga wa dirisha tu.

Jumamosi mchana nafunga kazi mapema, naunganisha simu kwenye runinga ya dukani, tunaangalia mbio za Uingereza au za Afrika Kusini. Nasema tunaangalia kwa sababu ndivyo anavyosema mwenyewe. Matangazo ni ya Kiingereza, na Kiingereza cha mjomba ni cha zizini, hakitoshi kwa mtu anayeongea kasi namna ile. Kwa hiyo mimi ndiye ninayemtangazia kwa Kiswahili, papo kwa papo.

Kinachonishinda kwanza ni uchambuzi wa kabla ya mbio. Dakika ishirini nzima watu wanne wamesimama na vipaza sauti wanaongelea bei za kubeti, yaani ukiweka shilingi moja na farasi akashinda, unalipwa ngapi. Huyu asubuhi alikuwa saba kwa moja, sasa tano kwa moja, fulani kamwekea pesa nyingi. Mjomba ananiuliza, "Anatembeaje?" Sina jibu. "Jasho liko wapi, shingoni au katikati ya mapaja?" Sina jibu. "Masikio je?" Na farasi wenyewe wapo pale pale, wanazungushwa nyuma ya migongo ya wachambuzi! Nanyoosha shingo kuchungulia juu ya bega la mtu mwenye koti, naona mkia, naona nusu ya tandiko, picha inahama.

Halafu mbio zenyewe. Jumamosi iliyopita nilipotea kwenye kona ya mwisho. Nilimwambia mwekundu anaongoza, kumbe wekundu walikuwa wawili. Mjomba alikuwa ameweka mkono kwenye goti langu, anaukaza, anauliza, "Yupi? Yupi?" Nilipokuja kumjua yupi, walishapita mstari. Akasema, "Haya, asante mjomba," akaomba chai. Usiku ule sikulala vizuri.

Naombeni anayejua: mtu asiyeona anatangaziwaje mbio mpaka na yeye azione? Na katika maneno yote ya wale wachambuzi, nimtafsirie yapi?

Kipaza wa Mwaloni:

Mkuu, mpe mjomba shikamoo yangu.

Mimi farasi siwajui. Nimetangaza mashindano ya mitumbwi kwa miaka kumi na kitu, hapo Mwaloni, Igombe, hadi Ukerewe. Betri ya gari, spika mbili juu ya meza ya kuanikia dagaa, na kipaza sauti mkononi. Lakini nilivyokusoma, shida yako naijua kama mkono wangu, maana ufukweni nusu ya watu hawaoni kitu. Watoto wako nyuma, kina mama wako kwenye ndoo zao, na mitumbwi ikishafika kule kwenye boya la kugeuzia inakuwa vijiti tu juu ya maji. Wote hao wanaona kwa mdomo wako.

Rangi usiiamini mpaka umeifanyia kazi. Fulana ya kijani ikilowa, kwa mbali ni nyeusi. Mwaka mmoja niliwapa ushindi watu wa kijani kumbe ni weusi, na wapiga makasia wa kijiji kile mpaka leo wananisalimia kwa shingo upande. Tangu siku ile nafika saa moja kabla, naenda kwenye kila mtumbwi, nawauliza majina, naangalia wanavyokaa. Kuna kikosi mtu wa mbele ana upara. Kingine wanapiga kasia fupi fupi, maji yanaruka juu. Fulana zikilowa zote, upara unabaki.

Sasa namna ya kusema. Anza na wa mbele, shuka na safu yote mpaka wa mwisho, mara moja tu, halafu rudi mbele. Hapo msikilizaji ameshapata picha kichwani. Baada ya hapo taja kinachobadilika peke yake: nani amepanda, nani ameachwa, na kwa umbali gani. Ukitaja kila mtu kila mara unamvurugia ile picha uliyomjengea. Umbali useme kwa kitu anachokijua. Sisi tunasema nusu mtumbwi, mtumbwi mmoja, mitumbwi miwili.

Na sauti uibane. Ukianza kupiga kelele mwanzoni, mwisho utampa nini? Waliokua na mpira wa Redio Tanzania, enzi za kina Ahmed Jongo na Charles Hilary, wanakumbuka walivyokuwa wakijua mpira umefika kwenye kumi na nane kabla hata neno halijatajwa. Sauti ilikuwa imeshawapeleka.

Binti wa Musoma:

Fundi, nimesoma swali lako mara mbili. Nilisoma Liverpool miaka miwili na nikaenda uwanja wa Aintree kuangalia Grand National, mbio maarufu za farasi za kuruka viunzi, kwa hiyo nina la kuchangia.

Kuhusu wekundu wawili: zile rangi ni za mwenye farasi, si za farasi wala za mpanda. Tajiri akiingiza farasi wawili kwenye mbio moja, wote wanavaa rangi zake, na kinachowatofautisha ni kofia. Kwa hiyo ukiona rangi zimejirudia kwenye orodha, acha fulana, kariri kofia.

Alichosema Kipaza kuhusu kufika mapema ndicho kilichookoa matangazo makubwa kuliko yote. Grand National ya 1967 iliingiza farasi 44. Ni mbio ndefu, kama kilomita 7, na viunzi 30 vya kuruka. Kwenye kiunzi cha 23, farasi aliyekwishamwangusha mpanda wake alikatiza mbele ya wenzake, wakagongana, wakarundikana, wengine wakagoma kuruka. Kundi lote likasimama pale. Kutoka nyuma kabisa akaja farasi mmoja ambaye hakuna aliyekuwa na habari naye, mpanda wake akaona upenyo, wakaruka, wakaenda zao peke yao. Mtangazaji wa BBC wa kipande kile cha uwanja alikuwa Michael O'Hehir, Mwairishi. Katikati ya fujo ile akamtaja palepale: Foinavon.

Alimjuaje? Kabla ya mbio alikwenda kwenye chumba cha wapanda farasi kuzikariri rangi. Akaona mmoja kavaa nyeusi yenye mikanda myekundu na ya njano, rangi asiyoitambua, akamuuliza yule kijana anampanda nani. Swali moja tu. Foinavon alishinda kwa urefu wa farasi 15, na tangu 1984 kiunzi kile kinaitwa kwa jina lake.

Kwa umbali, wenyewe wanasema pua, kichwa, shingo, halafu urefu wa farasi mzima, ambao ni kama mita mbili na nusu. Kwa Kiswahili yanakaa vizuri bila kubadilisha kitu: kashinda kwa shingo. Na mwambie mjomba kwa maneno ya farasi tuliyonayo. Wanakwenda shoti. Hatamu zimekazwa au zimelegezwa. Amerusha kichwa, anapigana na lijamu, kile chuma cha mdomoni. Saisi akisikia hatamu zimelegezwa, mkono wake mwenyewe unajua maana yake.

Mkeka Mabatini:

Nitapingana kidogo, kwa heshima. Fundi, bei unaionea. Mimi nabeti, siyo siri, na bei ni habari. Hata huyo Foinavon wa Dada Musoma, nimeenda kumtafuta, alikuwa mia kwa moja. Bila kusema hiyo mia, msikilizaji atajuaje kwamba lililotokea lilikuwa la ajabu? Kule Uingereza kampuni za kubeti zinatozwa ada kisheria tangu miaka ya sitini, na ada hiyo inarudi kuendesha mbio. Pesa ya zawadi ya farasi wa mjomba kwa sehemu inatoka kwetu sisi.

Ila nakubali moja. Hizi mbio za kompyuta tunazowekewa kwenye maduka ya kubeti huku kwetu, zile farasi wa katuni wanakimbia kila dakika chache, zinatuharibu. Sauti ni ileile, imerekodiwa. Vijana wengi hapa Mabatini wanadhani mbio za farasi ndizo zile.

Fundi wa Kirumba:

Mkeka, asante. Hilo la mwisho umenigusa. Mwaka jana kijana mmoja alimchukua mjomba kwenda kukaa kwenye duka la aina hiyo, akidhani anamfurahisha. Alisikiliza mbio mbili akaomba arudishwe nyumbani. Alisema, "Hawa farasi hawapumui."

Binti wa Musoma:

Mkeka yuko sahihi kwamba bei ina kazi yake. Inakwambia watu wanamwamini nani. Itajwe mara moja, dakika moja, kisha turudi kwa farasi. Ninachowadai wachambuzi ni sababu, na sababu mara nyingi iko mgongoni.

Grand National ya 1973, farasi Crisp aliongoza kwa mbali sana, na kwenye kiunzi cha mwisho bado alikuwa mbele kwa urefu wa farasi kama 15. Red Rum akamfuata, akamfuata, akampita karibu kabisa na mstari. Robo tatu ya urefu wa farasi! Anayeangalia bila kuelezwa atasema Crisp alikata moyo. Ila kwenye mbio hizi farasi anayehesabiwa bora hubebeshwa uzito zaidi, na Crisp alibeba stoni 12, kilo 76. Red Rum alibeba stoni 10 na ratili 5. Tofauti ni kilo 10 na kitu. Fundi, jaza ndoo ya lita kumi, kimbia nayo kutoka dukani kwako mpaka Mwaloni, na mwenzio akimbie mikono mitupu. Mtangazaji wa siku ile, Peter O'Sullevan, alizitaja zile stoni 12 na zile 10 na 5 wakati mbio zinaendelea, viunzi vikiwa vimebaki viwili, kabla mtu hajajua kwamba Crisp atapitwa. Alitangaza Grand National 50, kuanzia 1947 redioni hadi 1997. Nikisikia mchambuzi wa leo anapoteza dakika tano kwa bei inayopanda na kushuka, na mzigo wa farasi hajautaja hata mara moja, nakasirika kweli.

Kwa hiyo mtafsirie mjomba haya: mzigo, hali ya majani (makavu, mabichi au matope), mlango wa kuanzia, na farasi anapenda kukaa mbele au kuvizia nyuma. Mengine yapite.

Fundi wa Kirumba:

Wakuu, narudi na ripoti ya Jumamosi.

Asubuhi nilikata boksi la king'amuzi, nikachora fulana na kofia za farasi wote kumi na mmoja kwa kalamu za rangi za binti yangu, jina chini ya kila moja. Nikawasoma kwa sauti mpaka binti yangu naye akawa anawajua. Mjomba alikuwa amekaa mlangoni anasikiliza, akaanza kuuliza huyu baba yake nani, huyu ameshakimbia umbali huu.

Uchambuzi ulipoanza niliuzima sauti. Nikasogea karibu kabisa na kioo na kuwasubiri farasi wapite nyuma ya wale watu. Nilipata watano. Wa kahawia mwenye paji jeupe alikuwa na povu katikati ya mapaja, nikasema. Mjomba akasema, "Huyo ameshakimbia mbio zake huko huko." Alikuja kuwa wa tisa.

Mbio zilipoanza nilifanya kama Kipaza alivyoelekeza: safu yote mara moja, nikarudi mbele, nikanyamaza kidogo. Nilishangaa kwamba kunyamaza kunasaidia. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza, anawapanga. Kwenye kona akaniuliza, "Wa nne bado ameshikwa?" Nikaangalia mikono ya mpanda, haijacheza hata kidogo. Nikasema bado ameshikwa, hatamu zimekazwa. Akasema, "Basi mtazame huyo huyo."

Alikuja wa pili, kwa shingo. Nilitaja shingo na mjomba akainua kiganja na kukipima hewani, urefu wa shingo ya farasi, kutoka begani hadi kwenye taya, sawasawa, kama vile yuko mbele yake. Hakuomba chai. Aliniambia nianze tena tangu langoni, na safari hii nimtajie kila mmoja alibeba kiasi gani.

Hapo ndipo nimekwama. Dada Musoma, ile mizigo inaandikwa wapi? Kwenye orodha yangu naona namba kama 9-7 pembeni ya jina la mpanda.

Binti wa Musoma:

Ndiyo hiyo hiyo, Fundi. 9-7 ni stoni 9 na ratili 7. Stoni moja ni ratili 14, kwa hiyo zidisha 9 kwa 14, ongeza 7, unapata ratili 133, ambazo ni kilo 60 na kidogo. Mpanda na tandiko lake vyote vimo humo. Za Afrika Kusini zinaandikwa kwa kilo moja kwa moja, huna haja ya hesabu. Na mbio zao kubwa, Durban July, zinakimbiwa Jumamosi ya kwanza ya Julai pale Greyville, mita 2,200, farasi 18. Anza kuchora mapema, boksi moja halitatosha.