Chipu za poka kwa wanaoanza: seti ipi ina thamani ya pesa yake, ya 300 au ya 500?

Karata52 aliuliza:

Wakuu salaam. Tuko 6 hadi 8 mezani, poka ya mtindo wa Texas Hold'em tumeshaielewa na njiti za kibiriti zimetuchosha. Nataka seti ya chipu, vile vibao vya duara vya kuwekea dau. Naona za 300 na za 500, za gramu 11.5, 13.5 na 14, zenye namba na zisizo na namba, na kila muuzaji anasema zake ni za kiwango cha kasino. Sitaki kumwaga pesa bure, lakini pia sitaki kununua mara mbili. Nianze kuangalia nini?

Mhesabu_Dau alijibu:

Mkuu, uzito uweke kando kwanza, maana hapo ndipo wanaoanza wanapopigwa. Chipu za kwenye masanduku, hata zikiandikwa "za udongo", karibu zote ni plastiki iliyoficha kibamba cha chuma katikati. Kinachotofautisha gramu 11.5 na 14 kwa kawaida ni chuma hicho. Chipu za udongo zinazotumika kasino hazina chuma, na huwa na gramu 8.5 hadi 10 hivi. Kwa hiyo ya gramu 14 ni nzito zaidi, basi. Ubora ni habari nyingine. Na uzito huo unaulipia: chipu 500 za gramu 11.5 ni kilo 5.75, za gramu 14 ni kilo 7, bado sanduku. Hata nauli ya mzigo inapanda.

Zile za plastiki tupu za gramu 2 hadi 4 ndizo za kukwepa. Zinateleza, na meza ikitikisika kidogo mnara mzima unalala. Hakikisha pia kipenyo ni milimita 39, ili trei na masanduku ya kawaida yakubali.

Sasa jambo lenyewe: angalia kila thamani ina chipu ngapi ndani ya seti. Chukua mashindano ya watu 8, kila mmoja anaanza na pointi 5,000, blaindi (dau la lazima ambalo wachezaji wawili huweka kabla ya karata kugawiwa) 25 na 50. Mgao mzuri kwa mtu mmoja ni huu:

25 × 8 = 200
100 × 8 = 800
500 × 4 = 2,000
1,000 × 2 = 2,000

Hizo ni chipu 22. Kwa watu 8 unahitaji 64 za 25, 64 za 100, 32 za 500 na 16 za 1,000, jumla 176. Ukiwapa za 25 nne nne badala ya nane, kila mkono (mgao mmoja wa karata) wa pili mtu anaomba chenji na mchezo unasimama.

Linganisha na seti ya 500 yenye 150 za 1, 150 za 5, 100 za 25, 50 za 100 na 50 za 500, mgao ambao utaukuta sana. Kwa mashindano hayo, za 1 na za 5 zinalala sandukuni: chipu 300 umenunua na hazitoki. Zinazobaki ni 200, na za 100 hazifiki hata saba kwa mtu. Ukitaka kujua bei yake halisi, igawe kwa 200, usiigawe kwa 500. Seti ya 300 iliyopangwa vizuri inaishinda seti hiyo.

Trei_ya_Mia alijibu:

Naunga mkono, ila nimtetee kidogo mwenye seti ya namna hiyo: ni seti ya mchezo wa pesa taslimu, ambapo chipu ni pesa yenyewe, si pointi. Mkicheza blaindi 1 na 2, kila mtu akaingia na 200, mpe 15 za 1, 17 za 5 na 4 za 25. Inatimia 200 kamili kwa chipu 36. Watu 8 wanachukua 120 za 1, 136 za 5 na 32 za 25, na seti haipungukiwi. Anayeishiwa na kuingia tena mpe 4 za 25 na moja ya 100, chenji ndogo zimeshatapakaa mezani tayari. Kwa hiyo Karata52, amua kwanza mtacheza mtindo upi.

Kuhusu namba: anayeanza achukue zenye namba. Zisizo na namba, zile zenye picha ya dadu pembezoni, zina faida moja kubwa, kwamba leo nyekundu inaweza kuwa 5 na kesho 500. Lakini kwa watu ambao bado wanakumbushana ipi inashinda kati ya rangi (karata tano za aina moja) na mfululizo (karata tano zinazofuatana), kuongeza swali la "hii ya bluu ni ngapi?" kila mkono ni mzigo. Tafuta zenye namba bila alama ya fedha ya nchi yoyote. Hizo zinafaa kwa pointi na kwa pesa.

Rangi zitazame chini ya taa ya usiku. Bluu iliyokolea na nyeusi zinafanana kabisa chini ya taa ya manjano, hali kadhalika zambarau na bluu. Utaratibu uliozoeleka sana kasino za Marekani ni nyekundu 5, kijani 25, nyeusi 100, zambarau 500. Si lazima uufuate, lakini ukiufuata mgeni akikaa mezani hahitaji maelezo. Na kama kuna mwenzenu asiyetofautisha nyekundu na kijani, namba kubwa inayosomeka ndiyo itakayomwokoa.

Kidole_Mezani alijibu:

Niongeze ukaguzi, maana bei nzuri kwa chipu mbovu si bei nzuri. Mzigo ukifika, kabla muda wa kurudisha haujaisha, fanya haya.

Panga mnara wa chipu 20 za rangi moja, pembeni yake mnara wa 20 za rangi nyingine. Chipu moja ina unene wa milimita 3.3 hivi, kwa hiyo mnara unafika kama milimita 66. Iteremshe macho yako mpaka usawa wa juu ya minara: lazima ilingane. Tofauti ya milimita 0.1 kwa chipu moja huioni, lakini kwa 20 inakuwa milimita 2, zaidi ya nusu ya chipu. Mezani dau kubwa halihesabiwi moja moja, linalinganishwa kwa urefu wa minara. Minara ikidanganya, hesabu imeharibika.

Kisha weka chipu moja juu ya nyingine, igonge ukingoni kwa kidole. Ikizunguka kama pia, ujue uso umevimba katikati. Moja mbili katika seti si kitu. Zikifika kumi, rudisha, kwa sababu minara yake itakuwa inajipindua kila mara.

Kama namba imechapwa kwenye stika, pitisha ukucha. Stika inatakiwa ikae kwenye kishimo, chini kidogo ya ukingo wa plastiki. Ikiwa sawa na ukingo au juu yake, chipu zitasuguana stika kwa stika, pembe zitaanza kunyanyuka na namba itafutika. Hapo hakuna dawa.

Chipu mpya pia huwa na utelezi wa mafuta ya kalibu. Weka maji ya vuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki laini, suuza, futa, tandaza kwenye taulo usiku kucha. Usiziloweke, maji yatapenya chini ya stika. Usizipake mafuta pia. Mafuta hurudisha rangi kwenye chipu za udongo, ila kwenye plastiki yanarudisha utelezi uleule uliotoka kuusugua.

Seramiki_Tu alijibu:

Mbona hamjazitaja za seramiki? Zina gramu 10 hivi, hazina chuma, na picha inachapwa uso mzima mpaka ukingoni, kwa hiyo hakuna stika ya kubanduka. Unaweza kuagiza muundo wako mwenyewe. Lakini nakubali, kwa anayeanza ni haraka mno. Pesa ya ziada anunulie karata za plastiki kamili, pakiti mbili zenye migongo ya rangi tofauti, moja ikigawiwa nyingine inachanganywa. Karata za karatasi zinazokuja na seti zinakunjika pembe mapema, na karata iliyokunjwa ni karata inayojulikana.

Karata52:

Asanteni sana wakuu. Tutacheza mashindano. Nimepata muuzaji anayeuza bila sanduku, kwa mafungu ya 25, kila fungu thamani moja. Niagize vipi?

Mhesabu_Dau alijibu:

Vizuri sana, mkuu, hiyo ndiyo njia yenye faida. Agiza mafungu 12:

25: mafungu 3 (75)
100: mafungu 3 (75)
500: mafungu 2 (50)
1,000: mafungu 3 (75)
5,000: fungu 1 (25)

Jumla 300, na zinatosha hata watu 9, maana 9 × 8 ni 72. Blaindi zikipanda hadi 100 na 200, za 25 hazina kazi tena: watu 8 watakuwa na 64, sawa na pointi 1,600. Ziondoe zote, ingiza moja ya 1,000, moja ya 500 na moja ya 100. Za 1,000 zilizobaki ni za kubadilishia na za wanaoingia upya, ambao unawapa tano tano.

Ongeza trei tatu za chipu 100, zile zenye mistari mitano ya 20. Na mafungu yote yaagize siku moja. Ukirudi baadaye kuongeza fungu, rangi ya toleo jipya inaweza kupishana na ya zamani, na mezani itaonekana kama thamani tofauti.