Nianze kitalu cha avoka au cha embe? Naomba ushauri, Lubumbashi

MtuWaLupango, Jumanne 10:14
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Lubumbashi, upande wa Kampemba. Nyuma ya nyumba nina mti wa avoka wa aina ya Hass, niliubebesha mwenyewe, yaani niliunganisha kikonyo cha mti mzuri kwenye mche, zamani nikiwa mwanafunzi. Mwaka huu umezaa hadi nimeegemeza matawi kwa nguzo. Majirani wanakuja na beseni, tunagawa, na bado zinaozea chini. Nimepata wazo la kufungua kitalu cha miche ya kubebesha. Swali ni moja tu: kwa udongo wetu na kiangazi chetu, nianze na avoka au embe? Silali kwa ajili ya jambo hili. Asanteni.

Mwana_Katuba, 10:31
Embe, bila kufikiri. Toka Mei hadi karibu Oktoba mvua hakuna, na avoka mizizi yake iko juujuu, haiwezi kiu. Ukizidisha maji nayo yakasimama, mizizi inaoza. Mwembe ukiusahau ndiyo unazaa kwa hasira. Sisi Desemba tulikuwa tunakula embe mpaka midomo inachubuka, mama hapiki mchana. Kuna mzee alikuwa na mbwa wa jicho moja, tulikuwa tunapita upande wa lile jicho bovu. Siku moja mbwa akageuka. Alama ninayo mpaka leo, siwezi kusema ni wapi.

Mama Furaha, 10:40
Avoka. Embe la Desemba ni bei ya bure, kila lupango, kila ua wa nyumba, lina lake. Lakini kaka, mtu hakosi usingizi kwa sababu ya miche. Kuna nini?

MtuWaLupango, 10:47
Hakuna kitu mama. Ni mtaji tu.

Kisanga88, 10:52
Pole yaya, minauliza tu. Uko naandika siku ya kazi, jua imeshapanda. Weye haukuendaka kazi?

MtuWaLupango, 10:58
Niko zamu ya usiku.

Kisanga88, 11:03
Kwa uzi wako wa kuuza pikipiki ulisema uko zamu ya asubui mwezi muzima. Haya.

MtuWaLupango, 11:26
Sawa. Nilisoma kilimo chuo kikuu, pale Kasapa. Nikiwa mwaka wa pili baba akaugua, shemeji akaniitia nafasi kwenye kampuni ya shaba, nikatoka. Nilisema nitarudi mwaka unaofuata. Kile kikonyo cha Hass nilikileta kutoka kwenye vitendo, kimefungwa kwenye gazeti bichi, nikakibebesha kwenye mche uliojiotea karibu na choo, nikakifunga kwa utepe wa mfuko wa plastiki. Nilikuwa sijui kama kitashika. Sasa kila nikichuma nawakumbuka niliokaa nao benchi moja. Mmoja ni mwalimu hukohuko, mwingine ana shamba. Mimi nimekula vumbi ujana wote.

Kazini walitangaza anayetaka kuondoka aondoke na bahasha yake ya pesa. Nimeshatia sahihi. Kipande nimeshakodi, njia ya Kipushi, vifuko vimeshajazwa udongo. Bibi yangu wa ndoa hajui. Asubuhi navaa ovaroli na buti kama kawaida, natoka.

Kabla hamjanirukia: ada ya watoto nimeiweka pembeni. Na sikuiba kitu cha mtu. Nikimwambia sasa atalia, wakwe watakuja, nitayumba. Nikishauza miche ya kwanza nitamwambia huku pesa iko mezani. Mtu mzima ana haki ya kupanga mambo yake.

Papa_Likasi, 11:41
Mwanangu, bahasha naijua. Mwaka 2003, ile departi volonteri, kuacha kazi kwa hiari, tulitoka zaidi ya watu 10,000. Tulicheka siku ya kupokea. Wengine taksi, mimi mashine ya kusaga mahindi. Mashine nzuri, ya bluu. Umeme ukawa unakuja usiku wa manane, nasaga saa nane za usiku, jirani ananitukana. Mkanda ukakatika, nikanunua mwingine, nao ukakatika. Baadaye tulikuwa tunaanikia sombe, majani ya muhogo, juu yake. Swali la embe silijui.

Mama Furaha, 11:55
Nani anafua hiyo ovaroli? Udongo wa kitalu ni mweusi, una samadi, una harufu yake. Mwanamke aliyekufulia vumbi la mgodi miaka yote ataona tofauti kwenye maji ya kwanza. Kaka, bibi yako anajua. Anakungojea useme.

MtuWaLupango, 12:01
Anafua dada wa kazi.

Mama Furaha, 12:03
Basi wamejua wawili.

Mche_Bora, 12:20
Naomba kuharibu sherehe. Hass ni kundi A: ua lake linafunguka asubuhi likiwa jike, linajifunga, kesho yake mchana linafunguka dume. Bila mti wa kundi B jirani, kama Fuerte, matunda yanakuwa machache. Huyu ana mti mmoja, anaegemeza matawi kwa nguzo? Hadithi tamu, mwanafunzi, baba mgonjwa, gazeti bichi. Mtunzi amesahau nyuki.

Mwana_Katuba, 12:24
Nilishangaa na mimi. Hata pikipiki hakuuza.

Kisanga88, 12:29
Mche_Bora, ulishafika Lubumbashi? Avoka iko kila lupango. Nyuki haiombake ruhusa kwa ukuta.

MtuWaLupango, 12:50
Picha hiyo. Angalieni shina, shibiri moja kutoka chini. Kuna uvimbe kama goti, gome la juu laini, la chini lina mikwaruzo. Hapo ndipo nilipobebesha. Ua la jirani, upande wa kulia, kuna mti wa avoka ulioota kwa mbegu, sijui ni kundi gani. Pikipiki ninaipanda kwenda Kipushi.

Mche_Bora, 13:08
Hiyo ni kazi ya mkono, naona. Kikonyo kilikuwa kinene kuliko mche, ungengoja ufike unene wa kalamu. Hata hivyo kimeshika. Naondoa neno langu kuhusu mti. Kuhusu bibi bado sijasadiki.

Papa_Likasi, 13:15
Kuna mtu anahitaji mashine ya kusaga? Mota nzima.

Msimamizi, 13:30
Nauhamisha uzi huu kutoka Kilimo na Mifugo kwenda Ndoa na Familia.

MtuWaLupango, 13:33
Msimamizi, mbona hivyo? Avoka au embe?